Naomba ushauri: fimbo ya hoki inamkubali beki, mimi winga inanikataa

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa mnaocheza hoki ya barafuni.

Nina kilo 68, nacheza winga, na fimbo yangu ni ya nyuzi za kaboni, fleksi (kipimo cha ugumu wa mpini) 85. Mwenzangu ni beki wa kilo 80, ana fimbo ya aina hiyo hiyo na anaifurahia kweli. Akiinua fimbo na kupiga kutoka mbali, mpini unapinda katikati na kisahani (kinachopigwa badala ya mpira) kinatoka kama risasi. Mimi napiga zaidi shuti la viganja, yaani la kusukuma kwa mikono bila kuinua fimbo, karibu na goli, na hapo mpini haupindi. Naukandamiza kwa uzito wote, mkono wa chini unauma, kisahani kinamfikia kipa kimelegea.

Ninavyoelewa, fleksi ni ratili za nguvu za kuupinda mpini inchi 1, na wengi huanzia nusu ya uzito wao kwa ratili. Kwangu, kilo 68 ni kama ratili 150, kwa hiyo inakuja 75. Halafu yangu imekatwa juu inifike kidevuni, na fimbo ikikatwa inazidi kuwa ngumu.

Sasa, nishuke hadi 75 au hata 70? Hofu yangu ni pasi kali: je, fimbo laini haitayumba nikiipokea? Na wale mliotumia fimbo inayopindia chini, karibu na bapa la kupigia, kweli shuti linatoka haraka zaidi? Mawinga wa uzito wangu hasa, naombeni uzoefu wenu.