Kufufua Stihl 041 AV ya zamani: vipuri vitafutwe wapi, na kazi ianzie wapi?

Mkereza anauliza:

Ndugu mafundi, habari zenu. Nimepewa msumeno wa mnyororo aina ya Stihl 041 AV uliokaa stoo miaka mingi, na nia yangu ni kuurudisha kazini, si kuuweka kabatini kama pambo. Injini inazunguka bila kukwama, na kompresheni inasikika vizuri ninapovuta kamba. Nikiweka petroli mpya inawaka baada ya kuvuta sana, kisha mzunguko unapanda wenyewe ingawa sijagusa akseleta, halafu inazima ghafla. Ikishapata moto haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Bomba la petroli limekauka na kupasuka, na kifuniko cha stata kimevunjika pembe moja.

Kinachonisumbua zaidi ni vipuri. Kila muuzaji ninayemtajia modeli hii ananijibu kwamba haimo tena katika orodha yake. Kwenye intaneti naona seti za silinda na pistoni zilizotengenezwa na viwanda vingine, na pia naona misumeno mibovu ya modeli hiyohiyo inayouzwa ili itolewe vipuri. Je, ninunue seti mpya ya silinda ndipo nianze kazi, au ninunue msumeno mbovu? Na mtu hutafutaje kipuri cha mashine ambayo jina lake limeshafutwa kwenye vitabu vya wauzaji?

FundiKranki anajibu:

Ndugu Mkereza, usinunue kitu chochote kwa sasa, hasa silinda. Dalili ulizoeleza hazielekezi kwenye silinda hata kidogo. Injini ya mipigo miwili inayopandisha mzunguko yenyewe inavuta hewa mahali isipopaswa kuvuta, hivyo mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi. Kwa kuwa oili ya kulainisha pistoni inasafiri ndani ya petroli hiyohiyo, mchanganyiko mwepesi maana yake ni pistoni inayofanya kazi kwenye joto kali huku ikipata oili kidogo. Ukiweka silinda mpya juu ya injini inayovuja hewa, utakuwa umenunua silinda ya kuharibu.

Anza na kipimo cha shinikizo. Ondoa ekzosi na kabureta, ziba matundu yake kwa vipande vya mpira vilivyobanwa kwa bolti, kisha jaza hewa hadi karibu bar 0.5 kupitia tundu la plagi. Sindano ya geji ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda na kwenye sili mbili za krenki (pete za mpira zinazozuia hewa kupita pembeni mwa shafti), moja upande wa klachi na nyingine upande wa flaiwili, utaona mapovu. Usiishie hapo. Rudia kipimo kwa kunyonya hewa badala ya kuijaza, kwa sababu mdomo wa sili umetengenezwa ili shinikizo la ndani liubane kwenye shafti, kwa hiyo sili iliyochoka inaweza kushikilia shinikizo vizuri na bado ikaingiza hewa pale injini inaponyonya. Watu wengi hufanya nusu ya kwanza tu na kutangaza kwamba injini ni nzima.

Sasa kuhusu vipuri. Kosa la wanaotafuta ni kuuliza kwa jina la msumeno. Namba za vipuri vya Stihl zina tarakimu 11, na nne za mwanzo hutaja familia ya mashine. Ya 041 ni 1110, wakati 070 na 090 zinashiriki 1106. Namba inayoanza na 1110 ni kipuri kilichotengenezwa kwa ajili ya familia hiyo, na hapo ndipo uhaba ulipo. Lakini ukisoma mchoro wa vipuri wa modeli yako utakuta sehemu nyingi zenye namba zinazoanza na 9. Hizo ni vipuri vya kawaida, yaani beringi, sili, bolti, klipu na kadhalika, ambavyo vimetumika katika modeli nyingi, na baadhi bado vinauzwa kwa sababu msumeno mpya zaidi unavihitaji.

Hata hiyo namba isipopatikana, kipimo kinatosha. Sili ya krenki hutambulika kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Beringi huwa na namba ya kimataifa iliyochongwa ubavuni; beringi yenye namba 6202, kwa mfano, ni milimita 15 kwa 35 kwa 11 popote utakapoinunua na kwa kiwanda chochote. Muuzaji wa beringi za viwandani hahitaji kujua kwamba yako inakwenda kwenye chenso. Mwambie tu kwamba unataka yenye uwazi wa C3, yaani nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida, kama ndivyo ilivyoandikwa kwenye ya zamani, kwa sababu injini hizi hupata joto kubwa na beringi yenye uwazi wa kawaida hubana.

Kabureta nayo ina jina lake. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wake. Nyingi za enzi hizo ni Tillotson au Walbro, na seti ya viwambo na gasketi huuzwa kwa modeli ya kabureta, si kwa modeli ya msumeno. Kiwambo kilichokauka kinasikika kama karatasi ukikigonga kwa kucha, na hicho hakirekebishiki. Bomba la petroli lichague kwa kipenyo cha ndani na cha nje, na liwe la aina inayostahimili petroli yenye ethanoli. Gasketi za karatasi kata mwenyewe kutoka shiti ya unene uleule, ila ile ya chini ya silinda iwe sawasawa na ya zamani, kwani unene wake hubadilisha kompresheni na muda wa matundu kufunguka.

Ukishamaliza hayo yote, kinachobaki kuwa adimu kweli ni vichache sana. Kifuniko chako cha stata ni kimojawapo, na kwa hicho msumeno mbovu unafaa.

Cheche_Safi anajibu:

Nakubaliana na Ndugu FundiKranki, ila ile dalili ya kukataa kuwaka injini ikiwa na moto sidhani kama inatokana na hewa pekee. Ondoa plagi mara tu injini inapozima, iguse kwenye chuma cha silinda mbali na tundu la plagi lenye mvuke wa petroli, kisha vuta kamba. Kama hakuna cheche wakati wa moto na ipo baada ya kupoa, kuna kitu katika mfumo wa umeme kinachokatika kwa joto, na washukiwa ni koili na kondensa.

Kwanza fahamu una toleo gani. 041 za awali zinatumia pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili cheche itoke) na kondensa zilizo chini ya flaiwili, na za baadaye zina mfumo wa kielektroniki. Kama ni ya pointi, usikimbilie kununua koili, maana ndiyo ghali na ndiyo ngumu kupatikana. Safisha pointi kwa karatasi laini ya msasa, kisha pitisha kipande cha kadi safi kilicholowekwa spiriti, kwa sababu vumbi la msasa na utando wa mafuta hukata umeme kama kutu ilivyokuwa ikifanya. Rekebisha uwazi kati ya milimita 0.35 na 0.4 ukitumia fila geji. Kondensa ibadilishe bila kuijadili. Uwezo wake huwa karibu mikrofaradi 0.2, na yenye uwezo wa jinsi hiyo kutoka injini nyingine ndogo inafaa mradi ienee mahali pake.

Zipo pia moduli ndogo za kielektroniki zinazochukua nafasi ya pointi na kondensa huku koili ya zamani ikibaki. Wapenzi wa uhalisi hawazipendi. Mimi naziona kuwa suluhisho la heshima kwa msumeno unaofanya kazi, kwa kuwa zinafichika chini ya flaiwili na hazihitaji kutoboa chochote.

Wakati wa kuvua flaiwili tumia kivutio chake. Usiigonge ukingoni kwa nyundo: mapezi yake ya kupoozea huvunjika, na flaiwili nzima ya 041 ni kati ya vile vipuri adimu. Upande wa pili, nati au kitovu cha klachi katika misumeno mingi kina nyuzi za kushoto, kwa hiyo tafuta alama ya mshale kabla ya kuweka nguvu.

Shoka_la_Kale anajibu:

Naongeza juu ya silinda, kwa sababu silinda nzuri nyingi sana hutupwa. Msumeno huu una kipenyo cha pistoni cha milimita 44 na ujazo wa sentimita za ujazo 61, na silinda yake imepakwa tabaka gumu ambalo halikerezwi kwa saizi kubwa zaidi kama zinavyokerezwa zile zenye ukuta wa chuma cha kumimina. Fungua ekzosi uangalie pistoni kupitia tundu lake. Mistari ya wima upande huo haimaanishi kwamba silinda imekwisha. Mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kugandia juu ya tabaka lile, na chini yake ukuta ni mzima.

Alumini hiyo huondolewa kwa asidi ya hidrokloriki inayopakwa kwa kijiti cha pamba. Itatoa mapovu inapokula alumini, na mapovu hupungua alumini inapokwisha. Silinda lazima iwe imevuliwa, kwa sababu nyumba ya krenki ni ya magnesi na asidi huila haraka sana. Vilevile asidi isifike kwenye kingo za matundu, ambako tabaka huishia na alumini ya silinda yenyewe iko wazi. Vaa miwani na glovu, fanyia nje, suuza kwa maji mengi.

Baada ya hapo huenda ukahitaji ringi tu. Ringi nazo huuzwa kwa kipenyo na unene, na kampuni ya Caber ya Italia imejenga jina kwa kazi hiyo, kama Meteor, ya Italia pia, ilivyo kwa pistoni. Ukinunua pistoni isiyo ya asili, tupa zile klipu ndogo za pini zinazokuja nayo kama zinaingia kwa ulegevu. Klipu ikichomoka injini ikiwa kwenye kasi, inaharibu silinda ambayo haina mbadala.

Mkereza:

Nawashukuru nyote. Nimepima kama mlivyoelekeza: shinikizo lilishika, lakini nilipogeuza kuwa mnyonyo geji ilirudi haraka, na uvujaji uko kwenye sili ya upande wa flaiwili. Msumeno ni wa pointi, na uwazi ulikuwa umefungana karibu kabisa. Ukutani mwa silinda hakuna mikwaruzo. Nimebaki na mambo mawili: kifuniko cha tangi kinasema uwiano wa oili na petroli uwe 1:25, je, nifuate hivyo? Na mnyororo unaofaa nitaujuaje ikiwa uliopo ulibadilishwa na mtu?

FundiKranki anajibu:

Kiwango cha 1:25 kiliwekwa kwa oili za kawaida za wakati huo. Ukitumia oili ya kisasa iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, 1:40 au 1:50 inatosha, lakini urekebishe skrubu za kabureta baada ya kubadilisha, kwani oili ikipungua petroli inayopita kwenye tundu lilelile inaongezeka. Ukiacha kwenye 1:25 hutaua injini. Utapata moshi na masizi zaidi.

Kuhusu mnyororo, pima umbali kutoka ribiti moja hadi ya tatu kisha gawanya kwa mbili. Ikitoka karibu milimita 9.5 ni ule wa inchi 3/8, na ikitoka karibu 10.3 ni wa inchi 0.404. Halafu pima unene wa meno ya chini yanayotembea ndani ya mfereji wa bapa (ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo): milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Mwisho hesabu idadi ya meno hayo. Sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), bapa na mnyororo lazima vikubaliane, na usimwamini mtu aliyetangulia, kwani sproketi ya aina moja yenye mnyororo wa aina nyingine hukata mbao kwa muda na kisha hutafuna vyote viwili. Habari njema ni kwamba umbo la jino lililobuniwa na mkata miti Joseph Cox wa Oregon katika miaka ya 1940 ndilo linaloendelea kutengenezwa, kwa hiyo mnyororo ni kipuri rahisi kuliko vyote.

Jambo moja ambalo halijatajwa: angalia kama msumeno wako una breki ya mnyororo. Breki hizo zilianza kuenea miaka ya 1970, na 041 nyingi hazina. Msumeno usio na breki ukiruka kuelekea kwa mshikaji, hakuna kitu kinachousimamisha. Kama unaweza kupata mpini wa mbele wenye breki kutoka kwa msumeno mbovu unaoununua kwa ajili ya kifuniko cha stata, chagua huo hata kama injini yake imevunjika. Pia gasketi na bitana za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, hivyo zilowanishe kwa maji kabla ya kuzikwangua, usizipulize kwa hewa ya kompresa.