Tupeane uzoefu: kujaza logibuku ya PT na TP

Mwanzisha mada
Wakuu, msimu wa kwenda fildi umekaribia, iwe PT (mafunzo ya vitendo kazini) au TP (mazoezi ya kufundisha). Wanaoijua kazi wawape wadogo zetu vitu vya kushika, siyo "jitume".

Naanza na logibuku (daftari la kazi za kila siku), wengi wanaangukia hapo. "Leo tulimwaga zege" haimwambii msimamizi chochote. Andika uwiano wa saruji, mchanga na kokoto (mfano 1:2:4), slampu (kipimo cha ulaini wa zege) imesoma milimita ngapi, kyubu (vipande vya mchemraba vya kupimia nguvu ya zege) ngapi zimechukuliwa, zipi zitavunjwa siku ya 7 na zipi ya 28. Weka na mchoro. Jaza jioni ileile. Ukingoja Ijumaa, vipimo umeshavisahau na utaanza kutunga.

Fundi Mchundo
Kwenye slampu hapo niongeze. Koni ina urefu wa sm 30. Ilowanishe kwanza, ijaze kwa tabaka 3, kila tabaka mapigo 25 ya fimbo ya chuma, kisha inyanyue wima. Ukiipindisha zege linamwagika upande mmoja na kipimo hakifai, rudia.

Slampu ikizidi iliyoagizwa, angalia ndoo ya maji kabla ya kulaumu saruji. Vibarua huongeza maji ili zege lisukumike kirahisi, nguvu inashuka. Hilo ndilo la kuandika kwenye "changamoto", mambo ya daladala hayahusu.

Ticha wa Hesabu
Walimu wa TP: kipindi cha dakika 40, utangulizi usizidi 5, maarifa mapya kama 20, zilizobaki ni za zoezi, tafakari na hitimisho. Kinachoharibu ni maswali ya utangulizi kula dakika 15. Kengele inalia zoezi halijaanza.

Sehemu ya tathmini msiandike "somo limeeleweka". Andika: "31 kati ya 45 wamepata swali la 2, waliokosa wamechanganya alama hasi." Hapo kesho unajua pa kuanzia. Azimio la kazi (mpango wa mada kwa wiki) la mwaka jana msinakili, wiki za mitihani huhama.

Mwanzisha mada
Na sahihi za msimamizi kwenye logibuku, Ticha?

Ticha wa Hesabu
Kila wiki, usilimbikize. Msimamizi wa kituo akienda likizo, muulize mapema nani atasaini badala yake. Muhuri nenda kaugongeshe siku mbili kabla ya kuondoka. Ijumaa mchana mwenye ufunguo wa kabati huwa hayupo.