Naombeni ushauri: hawa akina Louis wa Ufaransa nawatofautishaje?

KalamuNyeusi:
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao nawasilisha mada chuoni kuhusu chimbuko la Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Miaka ya wafalme nimeishika: Louis XIV 1643 hadi 1715, XV 1715 hadi 1774, XVI 1774 hadi 1792. Lakini nikianza kueleza, mambo ya huyu nampa yule. Halafu huyo XVII alitawala lini? Naona watu wanaruka kutoka XVI hadi XVIII. Waliobobea, mnawapangaje?

MzeeWaNyaraka:
Kijana wangu, miaka iweke kando kwanza. Fuata misiba. Louis XIV alirithi kiti akiwa na miaka 4 na akakaa miaka 72, hata akawazika warithi wake. Mwanawe alikufa kwa ndui 1711. Mwaka uliofuata surua ikamchukua mjukuu, mke wa mjukuu na kitukuu mkubwa, wote ndani ya wiki chache. Akabaki kitukuu mdogo wa miaka 2, ambaye mlezi wake, Madame de Ventadour, aliwakatalia madaktari wasimtoe damu, tiba ya enzi hizo. Mtoto huyo ndiye Louis XV! Kwa maoni yangu mama huyu anastahili kutajwa zaidi ya majenerali wengi wa enzi ile. Louis XV naye alirithiwa na mjukuu, kwa sababu mwanawe alitangulia kufa 1765. Chora ukoo huo kwa mkono wako, hutawachanganya tena.

BintiWaMrima:
Kuhusu XVII: hakutawala hata siku moja. Baba yake alipokatwa kichwa Januari 21, 1793, wafuasi wa ufalme walimhesabu mtoto kuwa mfalme huku akiwa kifungoni katika ngome ya Temple, Paris. Alifia humo Juni 1795 akiwa na miaka 10. Inauma sana kusoma habari zake. Baba yake mdogo, aliyekuwa uhamishoni, ndipo akajitangaza Louis XVIII. Aliporejea na kutoa katiba mwaka 1814, aliandika kwamba huo ni mwaka wa 19 wa utawala wake, kana kwamba mapinduzi hayakuwahi kuukata ufalme.

Mchambuzi_Dom:
Mzee kasema vema kuhusu ukoo, ila mada ni mapinduzi, kwa hiyo mimi ningefuata deni. XIV aliacha hazina imechoshwa na vita. XV akaingia Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763, akaipoteza Kanada kwa Waingereza. XVI akawasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza kuanzia 1778, kwa fedha za kukopa. Mwaka 1787 waziri wake wa fedha, Calonne, alipendekeza kodi ya ardhi ambayo hata wakubwa, yaani makabaila na makasisi, wangeilipa, wakubwa wakakataa. Ikabidi mfalme aitishe Baraza la Matabaka Matatu (makasisi, makabaila na watu wa kawaida) Mei 1789, baraza ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Ndiyo maana sikubali XVI abebeshwe lawama peke yake.

KalamuNyeusi:
Asanteni sana wakuu. Sasa mbele ya darasa nianze na ukoo au deni?

MzeeWaNyaraka:
Mchambuzi yuko sahihi, anza na deni. Mchoro wa ukoo ubandike ukutani, waweze kuutazama unapoongea. Na Louis-Philippe, mfalme wa 1830, mwache nje, huyo ni wa Orléans, tawi jingine la ukoo wa kifalme, atakuvurugia mchoro.