Wakuu msaada: nimeokota korongo mgonjwa, hali chochote

Mkulima_Magu: Habari za jioni wakuu. Juzi nimemkuta korongo mkubwa kwenye majaruba yangu ya mpunga, chini ya nyaya za umeme. Bawa la kulia anaburuza. Nimemweka banda la kuku, kuku wako jikoni, mama watoto hanisemeshi. Maji nimemnywesha kwa bomba la sindano, yakamtokea puani. Miguu imekuwa myeupe kama imepakwa chokaa. Ni ugonjwa? Utaambukiza kuku? Matusi sitaki.

Kapuku_Halisi: Kitunguu, nyanya, ndimu. Karibu.

Dada_wa_Nansio: Babu yangu Ukerewe aliokota kifaranga cha furukombe, akakilisha sato mpaka kikaruka. Siku kilipoondoka alikaa kibarazani hali wala haongei. Wazee walikuwa na huruma bwana, si nyie wa kuwaza mchuzi.

DoktaKuku: Acha kumnywesha! Tundu la pumzi la ndege liko kwenye shina la ulimi, unamjaza maji mapafuni. Boksi kubwa lenye matundu, gizani, watoto wasisogee. Dagaa wabichi, panzi, na maji kwenye beseni, atakunywa mwenyewe. Ukimshika anza na mdomo, usije ukatobolewa jicho. Kuku wasirudi humo mpaka ulisafishe. Ana pete mguuni?

Mkulima_Magu: Mweupe, mabawa meusi nyuma, mdomo mwekundu mrefu.

DoktaKuku: Nimeuliza pete.

Mkulima_Magu: Ipo. Ina namba.

DoktaKuku: Na mgongoni?

Mkulima_Magu: Kulikuwa na kidude kama kiberiti, juu kina sola. Nilikata kamba zake, zilikuwa zinambana. Hata wewe ungekata.

DoktaKuku: "Kulikuwa"? Sasa kiko wapi?

Mkulima_Magu: Kwa fundi simu. Ndani mna laini. Ya nje. Tulibipu mara moja tu kuona kama inashika, sioni kosa. Ningekitupa ingekuwa bora?

Mzee_wa_Kijiwe: Wakuu mnanyweshwa CHAI. Mwaka 2018 korongo wa Poland alipotelea Sudan, mtu akachomoa laini kwenye kifaa cha kumfuatilia ndege, akapiga simu saa 20, wenye ndege wakaletewa bili ya zaidi ya zloti 10,000. Jamaa kaisoma, kaihamishia Magu. Halafu korongo huyo miguu yake ni myekundu, yeye kaandika myeupe. Hajawahi hata kumwona.

Kapuku_Halisi: Na sukari kaweka nyingi.

Dada_wa_Nansio: Hata Misri, Qena, 2013 korongo mwenye kifaa aliwekwa ndani wakidhani ni jasusi. Mkulima ficha hicho kitu.

DoktaKuku: Mzee, hiyo miguu ndiyo inanifanya nimwamini. Jua likiwa kali korongo hujinyea miguuni apate kupoa, mavi yakikauka yanabaki kama chokaa. Mtunga chai angeandika myekundu. Na huu ndio msimu wao, wakimbiao baridi ya Ulaya. Mkulima, futa kwa kitambaa cha maji. Kisha nenda ofisi ya wanyamapori wilayani na ndege, pete na kifaa. Kumfuga bila kibali ni kosa.

Mkulima_Magu: Nimefuta, ni myekundu kweli. Kameza dagaa watatu. Kesho nampeleka. Ila wakiuliza laini niseme nini? Fundi hapokei simu yangu, na jirani yake ananiambia tangu asubuhi yuko hewani na shemeji yake wa Oman.