Biashara ya bustani Dodoma: miaka miwili nimegota kwenye milioni 5 na nusu kwa mwezi, nifanyeje?

KijanaWaBustani_Dom
Wakuu habari za jioni, naombeni mnisikilize maana hili jambo linaninyima usingizi. Natengeneza bustani hapa Dodoma tangu 2018, nilianza na fyekeo na toroli la kuazima, kipindi kile serikali ndo inahamia na watu wanajenga Kisasa, Ilazo, Iyumbu, kazi zilikuwa zinanitafuta zenyewe. Sasa hivi nina vijana saba, kirikuu moja, mashine mbili za kukatia majani na kitalu kidogo uani. Shida ni kwamba tangu mwaka juzi mauzo yamegoma kabisa, mwezi mzuri milioni 5 na laki 5, mwezi mbaya 5, hata nikijituma vipi haipandi. Wateja wapya napata, ila kila nikipata wawili mmoja wa zamani anaondoka, na ikifika mwezi wa nane wa tisa nyasi zinakufa na mimi nimeshaahidi zikifa narudishia bure. Mwaka jana nilipanda upya bustani nzima ya mteja wa Mtumba, mita za mraba 200, kwa hela yangu. Nafikiria nikope ninunue kirikuu ya pili niongeze na vijana. Mnanishauri nini? Nawaomba mniambie ukweli hata kama unauma.

MhasibuMakole
Pole sana mkuu, na hongera kwa kufika hapo maana vijana saba kula kila siku kutokana na jasho lako si kitu kidogo. Ila gari ya pili usinunue kwanza, hebu niambie wateja wako wa matunzo ya kila mwezi ni wangapi, wako wapi na unawatoza bei gani?

KijanaWaBustani_Dom
Wako 23, wengi laki moja kwa mwezi, naenda mara nne. Wako Kisasa, Nzuguni, Iyumbu, Mtumba, Miyuji, watatu wako Msalato.

MhasibuMakole
Basi tumchukue mmoja wa Msalato tumpigie hesabu hapahapa. Unapeleka vijana watatu nusu siku, mara nne kwa mwezi, hizo ni siku sita za kibarua mmoja. Sijui unalipa ngapi, tuseme 12,000 kwa siku, inakuja 72,000. Mafuta ya kwenda na kurudi weka elfu kumi kila safari, 40,000. Jumla 112,000 na yeye anakupa laki. Yani kila mwezi unamlipa 12,000 ili akuruhusu umkatie majani, na hapo hatujagusa mashine wala muda wako. Sasa ukinunua gari ya pili utakuwa unapeleka hasara kwa magari mawili. Kaa na daftari wiki mbili, andika kila mteja, saa mliyofika, saa mliyotoka, mafuta. Alafu angalia ramani, Mtumba iko barabara ya Dar na Msalato iko barabara ya Arusha, huwezi kuzihudumia siku moja na kirikuu moja ukabaki na hela. Kisasa, Nzuguni, Ihumwa mpaka Mtumba ni njia moja, jaza wateja hapo, siku moja unapiga nyumba nne bila kuzunguka.

MamaMiche
Mwanangu mimi nina kitalu miaka mingi hapa Dodoma, na hiyo ahadi yako ya kurudishia bure ndo imenifanya niandike. Unaahidi kitu kisichokuwa mikononi mwako. Mvua zetu zinaanza Desemba zinaisha Aprili, mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 600, baada ya hapo ni jua na upepo tu mpaka tena Desemba. Nyasi kwenye kiangazi chetu zinataka kama lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku ili zibaki kijani. Zidisha na mita 200 za yule wa Mtumba, lita 1,000 kila siku. Simtanki la lita 5,000 ni siku tano limekauka, na humo humo watu wanaoga na kupika. Unadhani mama wa nyumba maji yakiwa ya mgao ataacha kufua ili nyasi zinywe? Hawezi, na wala si mkosaji. Nenda ukaangalie bustani iliyokufa Septemba, ukiikanyaga inalia kama makaratasi, chomeka kidole kwenye udongo hakiingii hata nusu ya kucha.

Kwaiyo kabla hujatoa bei uliza maji kwanza, wana tanki la ukubwa gani, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, wako tayari kununua boza? Majibu yakiwa mabaya wapunguzie nyasi, waachie kipande kidogo mbele ya baraza wanapokaa jioni, kwingine weka kokoto, mishubiri, mikonge ya mapambo, bogenvilia ukutani, kivuli weka mwarobaini. Vikishashika mizizi haviombi maji kila siku. Na miti panda mvua zikianza, usipande mwezi wa saba eti kwa sababu mteja ana haraka ya sherehe. Hiyo kazi ya kokoto na mawe ina faida kuliko ukoka, na hurudi kuifanya bure.

FundiMiyuji
Mimi nilikuwa kibarua wa bustani kabla sijajitegemea, niongelee upande wa vijana. Bosi wangu alikuwa mtu mwema sana ila hakuna kitu kiliendelea bila yeye. Tunafika kwa mteja saa mbili, yeye bado yuko dukani ananunua mpira wa maji, tunakaa kwenye kivuli mpaka saa nne tukisubiri atuambie tuanzie wapi. Kati ya hao saba lazima kuna mmoja anayeona ua limeinama analiegemeza bila kuambiwa. Mpe huyo usimamizi, muongezee hela kidogo, mwachie simu na hela ya dharura, wewe tumia hizo saa kwenda kupima kazi mpya.

Na kuhusu tenda za serikali maana najua mtu atakwambia uende Mji wa Serikali ukaombe, jisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, sawa ni vizuri, ila usiingie bila akiba ya miezi kadhaa. Mimi ofisi moja ilinikalisha miezi minne bila malipo huku vijana nawalipa kila Jumamosi, niliuza pikipiki yangu. Na ujue kwenye malipo ya huduma wanakata kodi ya zuio, yani asilimia 5 ya hela yako inakatwa kabla hujalipwa, iweke kwenye bei mapema. VAT isikutishe, kiwango cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka na wewe uko kama 66.

KijanaWaBustani_Dom
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Daftari limenionyesha vitu nimeshindwa kuamini, kati ya wale 23, nane wananila hela, wakiwemo wote watatu wa Msalato. Mkopo nimeuacha. Kijana mmoja nimempa usimamizi tangu Jumatatu na jana wamemaliza nyumba tatu Nzuguni mimi sipo. Kinachonishinda ni mzee mmoja wa Msalato, ndo mteja wangu wa kwanza kabisa, alinikopesha hela ya mashine ya kwanza. Namwambiaje?

MamaMiche
Usimpigie simu huyo, nenda mwenyewe, shikamoo kwanza na kaa mnywe chai. Mfungulie daftari umwonyeshe ukurasa wake. Mwambie baba, kwa bei hii siwezi, na wewe sitaki kukuacha, naomba nije mara mbili kwa mwezi badala ya nne, na hizi nyasi za nyuma tuzitoe tuweke kokoto usihangaike tena na maji. Mtu aliyekukopesha mashine anataka usimame. Na njiani pitia kwangu uchukue miche miwili ya mwarobaini umpelekee, usinilipe.

KijanaWaBustani_Dom
Asante sana mama. Jumamosi asubuhi napita kwako kuchukua miche, alafu naunganisha Msalato.