Bwawa la Mjomba Entebbe

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Salama*

Mjomba Rajabu: Assalaam alaykum familia. Jumatatu tunakwenda Arua, hatutarudi mpaka Januari. Fundi ameshaleta pampu, namwambia amwage bwawa la kuogelea lote libaki kavu.

Hamida (Ottawa): Waalaykum salaam, shikamoo mjomba. Nakuomba fundi azime pampu kwanza, naandika.

Swaleh: Kwani huko si mnamwaga kabla ya baridi? Picha yako ya juzi maji yalikuwa yameshuka.

Hamida (Ottawa): Yameshuka sentimita 15 tu chini ya skima, ule mdomo unaonyonya majani. Sisi tunakimbia barafu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na bomba lililojaa hupasuka. Kwa hiyo tunapuliza hewa kwenye mabomba, tunaziba midomo, tunakausha pampu, filta na hita. Halafu turubai juu. Lakini bwawa lenyewe linabaki na maji hadi baridi iishe.

Mjomba Rajabu: Huku barafu hakuna, mwanangu.

Hamida (Ottawa): Hakuna, ndiyo maana mabomba yako hayana neno. Hatari yako iko chini ya sakafu. Mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, hizo ni tani 48 za maji, na uzito huo ndio unaolishikilia bwawa ardhini. Mvua za sasa zikiendelea hadi Novemba, maji ya ardhini yanapanda. Yakilikuta tupu yanalisukuma juu kama mtumbwi, zege linapasuka. Kulijenga upya ni gharama kubwa mno, mjomba.

Shangazi Mwajuma: Na pale ni karibu na ziwa. 2020 Ziwa Viktoria lilipanda mpaka likapita kiwango cha 1964, watu wa ufukweni wakahama. Rajabu, msikilize mtoto.

Shangazi Mwajuma: Ila mimi naogopa mbu. Miezi yote hiyo maji yamelala?

Hamida (Ottawa): Yasilale, shangazi. Huku baridi inatufanyia nusu ya kazi: mbu hawapo, na maji yakiwa chini ya nyuzi 18 mwani hauna nguvu. Kwenu joto ni lile lile, yai linakuwa mbu ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo pampu izunguke kila siku. Klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.2 hadi 7.6. Mvua kubwa ikinyesha kijana wa bustani apime tena, maana dawa inazimuliwa, na maji yakizidi ayapunguze hadi katikati ya skima. Klorini na asidi zisichanganywe kabisa, hata kuwekwa rafu moja. Hewa yake inaua.

Mjomba Rajabu: Fundi amezima. Yameshuka kama shubiri mbili.

Hamida (Ottawa): Alhamdulillah. Ayarudishe maji leo leo.

Swaleh: Turubai je? Nipate moja pale sokoni Kikuubo, Kampala?

Hamida (Ottawa): Turubai legelege hapana! Mvua inajaa juu yake, mtoto akikanyaga anazama ndani. Afadhali uzio na geti lenye kufuli.

Shangazi Mwajuma: Kufuli nanunua mimi. Kila Ijumaa nitapita kuangalia.

Mjomba Rajabu: Sawa. Hamida, vile vipimo virekodi kwa sauti. Kijana wa bustani anaelewa zaidi Kiluganda, Swaleh atamfasiria.

Swaleh: Nakuja kesho baada ya adhuhuri, nimwonyeshe na kupima. Umeme ukikatika anipigie simu.