Mjadala: Sheria zinazotungwa Nairobi zinazisaidia kaunti au zinazifunga mikono?

Kila mwaka Juni ikikaribia, sisi Wakenya tunabishana kuhusu kiasi cha pesa za kaunti. Magavana wanadai hizi, Hazina ya Taifa inasema zilizopo ni zile, Seneti na Bunge la Taifa wanavutana, mwishowe wanakutana katikati. Naona tunabishania sehemu tu ya jambo lenyewe. Kaunti zetu 47 zinaendeshwa pia kwa sheria ambazo hakuna kaunti iliyozitunga, na nyingi zimepita bila mwananchi kuelezwa zinamgusa vipi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini. Sheria yoyote ya taifa inayoitwika kaunti kazi bila pesa ya kazi hiyo, au inayobakiza pesa Nairobi huku kazi imeshuka mashinani, inakwenda kinyume na Katiba ya 2010. Seneti inafaa kuikataa hata kama imeletwa kwa nia njema. Kifungu cha 187 kimesema waziwazi kwamba jukumu likihamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine, rasilimali za kulitekeleza zihakikishwe.

Nianze na dawa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti hospitali zake, vituo vya afya na zahanati. Kununua dawa basi ni kazi ya kaunti. Lakini 2019 Bunge la Taifa lilibadilisha sheria za afya na kuamuru vituo vya umma, vikiwemo vya kaunti, vinunue dawa kutoka KEMSA, shirika la serikali kuu la kusambaza dawa. Afisa akikiuka, faini hadi shilingi milioni 2 au kifungo cha hadi miaka mitano. Mfikirie mfamasia wa hospitali ya kaunti ndogo. Ameagiza dawa za mwezi mzima, gari la KEMSA limefika, anafungua maboksi na orodha mkononi: dawa za malaria zipo, za presha hazipo, glavu zimekuja nusu. Ng'ambo ya barabara kuna muuzaji wa jumla mwenye kila kitu. Akinunua pale ili mama wa presha asirudi nyumbani mikono mitupu, yeye ndiye mhalifu. Mbunge aliyepiga kura ile hatakuwepo dirishani mama huyo akipewa karatasi na kuambiwa akajinunulie.

Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilikifuta kipengele hicho, katika uamuzi uleule uliobatilisha sheria 23 ambazo Bunge la Taifa lilizipitisha bila kuishirikisha Seneti. Tutulie hapo kidogo. Seneti iliwekwa na Katiba iwe mlinzi wa kaunti. Kifungu cha 110 kinawataka maspika wote wawili waamue kwa pamoja kama mswada unahusu kaunti kabla haujajadiliwa. Hatua hiyo ikirukwa, diwani wako, gavana wako na seneta wako wote wanakutana na sheria ikiwa imeshachapishwa.

Sasa pesa. Watu wengi wanajua Kifungu cha 203: kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wachache wanataja kwamba asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mgao wa 2024/25 ulipimwa kwa mapato ya 2020/21, takriban shilingi trilioni 1.57. Bei za saruji, dizeli na dawa ni za leo, kipimo ni cha miaka mitatu au minne nyuma. Na anayepaswa kuidhinisha hesabu hizo ndiye huyohuyo mshindani wa kaunti mezani. Bunge likichelewa na ripoti za Mkaguzi Mkuu, kaunti ndizo zinazoumia.

Halafu yakatokea ya 2024. Sheria ya Ugavi wa Mapato ilikuwa imeshazipa kaunti bilioni 400.1. Vijana wakaingia barabarani kupinga kodi mpya, Mswada wa Fedha uliozibeba ukaondolewa, na sheria ya mgao ikafunguliwa upya ili kaunti nazo zikatwe. Bunge la Taifa likataka bilioni 380, Seneti ikashikilia zilezile 400.1, upatanisho ukaishia 387.4. Mimi niliwaunga mkono vijana na bado nawaunga mkono. Ila mabunge ya kaunti yalikuwa yamepanga bajeti kwa sheria iliyopo, na miezi ikapita katikati ya mwaka wa fedha bila mtu kujua ana shilingi ngapi. Kaunti haiwezi kujaza pengo la ghafla namna hiyo. Haitozi VAT wala kodi ya mapato. Katiba imeipa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, ada za huduma kama maegesho na leseni za biashara, na kodi nyingine pale tu Bunge likiiruhusu kwa sheria, basi.

Barabara ndizo zinazoniuma zaidi. Kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua ina ushuru wa kukarabati barabara, na Julai 2024 uliongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwenye bodaboda anayepita barabara ya kaunti yenye mashimo analipa shilingi 25 sawa na anayepita barabara kuu ya lami. Katiba inasema barabara za kaunti ni jukumu la kaunti. Lakini mashirika yanayozipokea pesa hizo, kama KeRRA la barabara za vijijini na KURA la barabara za mijini, yaliundwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kabla ya ugatuzi kuwepo, na Bunge halijataka kuirekebisha sheria hiyo ilingane na Katiba. Magavana walipodai bilioni 10.5 kutoka hazina ya ushuru huo wa barabara, wabunge wakagoma, na mswada wa fedha za ziada za kaunti ukakwama nao. Humo ndani mlikuwa na pesa za wafadhili za afya na kilimo ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu.

Simaanishi kila sheria ya Nairobi ni mbaya. Oktoba 2023 ilitiwa saini sheria inayoruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia palepale. Kabla yake, katika kaunti nyingi, ulilipia eksirei dirishani, pesa ikapanda hadi akaunti kuu ya kaunti, na hospitali ikaomba kwa barua irudishiwe ili inunue filamu za eksirei. Magavana wengine hawakuipenda sheria hiyo kwa sababu iliwaondolea pesa za kuzungusha. Mimi naipongeza. Imeweka pesa mahali kazi inapofanyika, na hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa kila mswada.

Nawauliza basi: mnakubaliana na kipimo hiki? Na kama hamkubaliani, mngependa Bunge la Taifa lizibane kaunti kiasi gani?

Mkandarasi mdogo:

Ndugu yangu, umeandika vizuri lakini umewasahau watu kama mimi. Nilijenga vyoo vya zahanati mbili, nikakabidhi kazi, nikapewa cheti cha kukamilisha. Gavana akaondoka, mwingine akaingia, akaunda kamati ya kukagua madeni, nikapeleka stakabadhi zilezile upya. Benki haikuningoja. Ukisoma ripoti za Msimamizi wa Bajeti za 2024 na 2025, madeni ambayo kaunti hazijalipa yanazidi bilioni 170. Hayo si makosa ya sheria ya Nairobi. Pesa zilikuja, zikaenda safari na posho za vikao.

Mimi nataka Bunge libane zaidi. Litunge sheria kwamba kaunti isianze mradi mpya kabla haijalipa wa mwaka jana, na afisa anayezikalia stakabadhi awajibike yeye binafsi. Mkisema uhuru wa kaunti, mjue kuna watu wameuza mashamba kwa sababu ya uhuru huo.

Mhudumu wa afya ya jamii, Magharibi:

Naunga mkono mwanzilishi kwa asilimia mia, na naongeza letu. Sisi zaidi ya laki moja tulipewa mikoba 2023, yenye mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Sheria ya Afya ya Msingi ikatutambua. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Zikikosekana, kila upande unakuelekeza upande wa pili. Vipimo vya sukari navyo vikiisha, hujui umwombe nani. Nyumba ninazozizunguka hazijui mambo ya nusu kwa nusu, zinanijua mimi tu.

Mwanzilishi:

Mkandarasi, pole sana kaka. Sina hoja ya kukujibu kwa kazi uliyoifanya ukanyimwa haki yako, na sheria unayoitaka ya kulipa deni kwanza naikubali. Haivunji kipimo changu hata kidogo, kwa sababu haihamishi kazi wala pesa. Inamlazimisha aliyepewa pesa azilipe.

Lakini nikuombe uangalie upande mmoja. Deni la kaunti huzaliwa pia pesa zinapochelewa kutoka Hazina. Kifungu cha 219 kinasema mgao upelekwe bila kucheleweshwa na bila kukatwa. Mgao wa miezi miwili mitatu ukikaa Nairobi, afisa wa fedha hulipa mishahara kwanza, na stakabadhi yako inarudi chini ya rundo. Na mishahara hiyo sehemu kubwa haikupangwa na kaunti. Mkataba wa madaktari wa 2017, uliofuata mgomo wa siku 100, ulikubaliwa serikali kuu ikiwa mezani, na kaunti ndizo zinazolipa. Wahudumu wa UHC, ule mpango wa afya kwa wote, waliajiriwa na Wizara ya Afya kwa kandarasi 2020, kisha wakapelekwa kaunti. Papo hapo kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Gavana mwizi yupo, na afungwe. Ila hata gavana mwadilifu hawezi kuletewa watu walioajiriwa na mwingine halafu akaulizwa kwa nini mishahara imepita kiwango.

Dada mhudumu, wewe umenionyesha mfano bora kuliko yote yangu. Mnapolipwa na serikali mbili, hakuna hata moja inayobeba lawama.

Mzazi wa Kilifi:

Salaam kwenu. Naona mnaizunguka basari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziache kutoa basari za sekondari na vyuo kwa sababu elimu hiyo ni ya serikali kuu, mpaka pawe na makubaliano ya maandishi. Mahakama ikasimamisha agizo. Huku kwetu ile wiki ilikuwa taharuki, maana kuna watoto ambao basari ya wadi ndiyo karo yao. Sasa wewe mwanzilishi na kipimo chako, utasemaje? Kazi ni ya Nairobi, pesa ni ya kaunti. Ukisema kweli, itabidi useme mtoto wangu akose.

Mwanzilishi:

Ahsante mzazi mwenzangu, hili ndilo swali gumu na sitalikwepa.

Kwa Katiba, Msimamizi wa Bajeti alikuwa na hoja. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari si yake. Na chekechea tumeziacha nyuma mno. Ingia shule ya msingi ya umma: mwalimu wa Gredi ya Kwanza analipwa na TSC, tume ya walimu ya serikali kuu, hatua chache kutoka mlango wake kuna mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na kaunti kwa kandarasi kwa mshahara mdogo sana, na wote wanafundisha watoto wa ua mmoja. Kila shilingi ya basari ya sekondari imetoka mahali, na mara nyingi imetoka kwa mwalimu huyo.

Hata hivyo sitasema mtoto wako akose. Serikali kuu haijatimiza kazi yake ya kugharamia sekondari, na kaunti imeziba pengo. Basi yaandikwe hayo makubaliano, na yaseme kwamba Hazina itairudishia kaunti kile ilicholipa. Pesa hazikosekani kabisa, kwa kuwa wabunge nao wanagawa basari kupitia NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Mahakama ya Juu ilisema Agosti 2022 kwamba Sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria iliyoifuata. Jibu la wabunge likawa mswada wa 2025 wa kubadilisha Katiba ili hazina hiyo iingizwe humo. Ziunganishwe basari hizi zote ziwe mfuko mmoja wa serikali kuu unaofuata mwanafunzi hadi shuleni, bila picha ya mbunge wala ya gavana kwenye hundi. Mtoto wa Kilifi atapata karo, na kaunti itabaki na pesa za kumwajiri mwalimu wa chekechea kwa masharti ya kudumu.

Nani ana hoja dhidi ya hilo? Na kama kuna mtu anayefuatilia vikao vya Seneti kwa karibu, atueleze ule mvutano wa pesa za barabara umefika wapi.